Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: vifaa vya faiba visivyotumia umeme

Vifaa visivyotumia umeme ni vipi hasa?

Katika mawasiliano ya faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga, ni kila kitu ambacho mwanga hupitia kati ya leza inayourusha na kipokezi kinachougeuza kuwa umeme, bila kitu hicho chenyewe kuchomekwa kwenye umeme. Konekta, viungo vya kuyeyusha, spilita (za kuugawa mwanga), vichujio vya kutenganisha mawimbi, aisoleta (za kuruhusu mwanga upande mmoja tu), sakuleta (za kuuelekeza mwanga tundu hadi tundu), vipunguza mwanga, hata ile adapta ndogo ya plastiki ukutani, vyote vimo. Havina betri wala taa ya kuonyesha kwamba vinafanya kazi, na hakuna programu ya kuvisimamia. Ndiyo maana husahaulika. Mtandao ukizorota, watu huanza na ruta, kisha wakabadilisha swichi, kisha wakampigia simu mtoa huduma, na mwisho kabisa ndipo mtu huchomoa konekta akaitazama uso wake. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia.

Kipaza mwanga kimo kwenye kundi hili?

Hapana. Kipaza mwanga cha faiba yenye erbiamu huhitaji leza ya kukilisha nguvu, na leza hiyo hutumia umeme. Lakini ukikifungua utakuta ndani yake aisoleta na kapla ya kuchanganya mawimbi, ambazo hazitumii umeme, na bila hizo hakifanyi kazi.

Kama kifaa hakitumii umeme, mbona kinakula mwanga?

Kwa sababu hakina pa kuutoa mwingine. Kifaa cha namna hii kinaweza kuupitisha mwanga, kuugawa, kuuzuia au kuurudisha ulikotoka, lakini hakiwezi kuuongeza hata chembe. Kilichopotea kimepotea. Kwa hiyo kila kifaa hupimwa kwanza kwa mambo mawili: kiasi cha mwanga kinachopotea unapokipitia, na kiasi kinachoakisiwa kurudi nyuma. Cha kwanza unataka kiwe kidogo kadiri inavyowezekana. Cha pili pia kiwe kidogo, ila huandikwa kwa namna inayowachanganya wengi: kwenye karatasi ya vipimo, namba kubwa ya uakisi ndiyo nzuri, maana desibeli 60 ni kusema kwamba kilichorudi ni sehemu moja tu ya milioni.

Kwa nini kila kitu kinahesabiwa kwa desibeli?

Ili tujumlishe badala ya kuzidisha. Desibeli 3 ni kupoteza nusu ya mwanga. Desibeli 10 ni kubaki na sehemu moja ya kumi, 20 ni moja ya mia, 30 ni moja ya elfu. Ukipita kwenye kifaa cha desibeli 3 kisha cha desibeli 10, umepoteza 13, basi. Nguvu yenyewe ya mwanga huandikwa kwa dBm, ambapo 0 dBm ni miliwati 1.

Ukishaizoea hesabu hii, unaanza kuuona mtandao kwa jicho jingine. Faiba ya kawaida ya njia moja ya mwanga hupoteza takriban desibeli 0.35 kwa kilomita kwenye wimbi la nanomita 1310, na takriban 0.2 kwenye nanomita 1550. Maana yake konekta moja iliyofungwa vibaya, yenye upotevu wa desibeli 0.4, inakula sawa na kilomita 2 za kioo kwenye 1550. Na spilita ya kugawa kwa 32, yenye desibeli kama 17, inakula sawa na kilomita 85. Mwaka 1970, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning walipotengeneza faiba iliyopoteza chini ya desibeli 20 kwa kilomita, ulikuwa ushindi uliofungua milango ya teknolojia hii yote. Leo kioo kimekuwa safi kiasi kwamba, kwenye mitandao ya kufikisha intaneti majumbani, mwanga mwingi haupotei njiani tena. Unapotea kwenye vifaa.

Konekta ya buluu na ya kijani zina tofauti gani?

Rangi inakueleza jinsi ncha ya kioo ilivyosuguliwa. Ya buluu, kwa faiba ya njia moja, ni UPC: uso wake umesuguliwa ukawa wa mviringo kidogo sana, ili viini viwili (kiini ni sehemu ya katikati ya kioo inayobeba mwanga) vikikutana vigusane barabara bila hewa katikati. Ya kijani ni APC: uso wake umekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8.

Mshazari huo una kazi. Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani, karibu asilimia 3.5 yake huakisiwa. Kwenye uso ulionyooka, mwanga huo unarudi moja kwa moja ndani ya kiini na kusafiri hadi kwenye leza. Kwenye uso wa mshazari, unaakisiwa kwa pembe ya nyuzi 16 kutoka kwenye mhimili wa faiba, pembe ambayo kiini hakiwezi kuishika, kwa hiyo unaishia kwenye ganda la kioo na kufifia. Konekta nzuri ya UPC hurudisha sehemu moja kwa laki moja, yaani desibeli 50. Ya APC hufika 60.

Faida kubwa zaidi ya kijani haisemwi mara nyingi. UPC inategemea kuwe na mwenzake wa kugusana naye. Ikiachwa wazi, bila kuchomekwa popote, inarudi kuwa kioo na hewa, na uakisi unapanda hadi ile asilimia 3.5. APC ikiachwa wazi bado inautupa mwanga pembeni. Kwenye mtandao wenye spilita, ambamo matundu mengi hukaa matupu yakisubiri wateja, hiyo ndiyo sababu ya kutosha ya kuchagua kijani.

Naweza kuchomeka kijani kwenye buluu?

Usifanye hivyo. Zinaingiana, na hapo ndipo hatari ilipo. Uso wa mshazari na uso ulionyooka haviwezi kulala pamoja, hewa inabaki katikati, unapoteza desibeli kadhaa, na kioo cha upande mmoja kinaweza kukwaruzwa. Ukihitaji kuunganisha vifaa vya aina mbili, tumia pachikodi (kebo fupi yenye konekta pande zote mbili) yenye kijani upande mmoja na buluu upande wa pili.

SC na LC je?

Hayo ni maumbo ya nje. SC ina feruli (kijiti kinachoishika ncha ya faiba) ya kauri ya milimita 2.5, LC ya milimita 1.25, ndiyo maana LC mbili hutosha kwenye moduli moja ndogo ya swichi. Ubora wa mwanga unategemea usuguaji na usafi kuliko umbo.

Uchafu mdogo una madhara gani kweli?

Madhara makubwa kuliko kasoro nyingine yoyote ya vifaa hivi. Kiini cha faiba ya njia moja kina kipenyo cha mikromita 9 hivi, huku kioo kizima kikiwa na mikromita 125. Chembe ya vumbi ambayo jicho haliwezi kuiona inatosha kukifunika kiini chote. Na hata isipokifunika, chembe ngumu iliyokaa pembeni huzuia nyuso mbili zisigusane, ikaleta pengo la hewa, na pengo likaleta upotevu na uakisi kwa pamoja. Ukizikaza konekta mbili zenye mchanga katikati, chembe inachimba kioo. Hapo kusafisha hakusaidii tena. Kwenye njia zenye vipaza mwanga vya nguvu kubwa, uchafu huweza kuungua na kujichoma kwenye uso wa konekta.

Kuna mambo ambayo watu huyakosea hata wakiwa wamebeba vifaa vya kusafishia. Kwanza, kusafisha upande mmoja. Konekta uliyoishika mkononi unaifuta, lakini ile iliyo upande wa pili wa adapta, ndani kule usikokuona, inabaki na uchafu wake na kukurudishia. Pili, kukiamini kifuniko cha plastiki: kinakinga kioo kisigongwe, lakini chenyewe kinaweza kuacha vumbi au mabaki ya plastiki kwenye uso, kwa hiyo hata konekta mpya iliyotoka kwenye mfuko wake inatakiwa kutazamwa. Tatu, kumwaga spiriti nyingi na kuiacha ikauke yenyewe, jambo linaloacha ukungu wa madoa. Anza na usafishaji mkavu, kwa kalamu ya kusafishia au kitambaa kisichotoa nyuzi. Doa likikataa, tumia spiriti ya isopropili kidogo na umalizie hapohapo kwa sehemu kavu ya kitambaa. Kisha tazama tena kwa hadubini.

Utaratibu ni kutazama, kusafisha, kutazama, kisha kuchomeka. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61300-3-35 kinaeleza mikwaruzo na madoa yanayokubalika katika kila eneo la uso, kuanzia kiini kwenda nje, na hadubini nyingi za kisasa hutoa uamuzi kwa kukifuata.

Ni bora kuunga kwa kuyeyusha au kutumia konekta?

Panapobaki pamefungwa miaka yote, yeyusha. Mashine ya kuunga hulinganisha viini viwili kwa kamera, kisha cheche ya umeme huviyeyusha vikawa kioo kimoja. Kiungo kizuri hupoteza desibeli 0.05 au chini yake, na karibu hakiakisi chochote kwa kuwa hakuna hewa. Siri yake iko kwenye ukataji: ncha isipokatwa wima kwa kisu kizuri cha faiba, mashine haiwezi kukuokoa. Panapohitaji kuchomolewa, kupimwa au kuhamishwa, weka konekta na ukubali desibeli 0.2 hadi 0.5 zake.

Spilita inaugawaje mwanga bila umeme?

Kuna njia mbili. Ya zamani ni kuchukua faiba mbili, kuzimenya, kuzisokota pamoja, kuzipasha moto na kuzivuta hadi viini vyake vinakuwa vyembamba na kukaribiana mno. Mwanga unaanza kuvuka kutoka kiini kimoja kwenda kingine, na fundi anaacha kuvuta pale mgawo anaoutaka unapofikiwa. Ni njia nzuri kwa migawo midogo au isiyo sawa, kama kuchota asilimia 1 ya mwanga kwa ajili ya kuuchunguza. Udhaifu wake ni kwamba mgawo hubadilika kadiri urefu wa wimbi unavyobadilika. Njia ya pili, inayoitwa PLC, huchora vijia vya kioo juu ya bamba dogo kwa teknolojia inayofanana na ile ya kutengeneza chipu za kompyuta. Kijia kimoja kinagawanyika kuwa viwili, viwili kuwa vinne, mpaka 32 au 64, na mgawo unabaki karibu sawa kuanzia nanomita 1260 hadi 1650.

Kihesabu, kugawa kwa 2 ni kupoteza desibeli 3, na kwa 32 ni desibeli 15. Kiuhalisia, panga 3.5 kwa 2, 7 kwa 4, 10.5 kwa 8, 17 kwa 32 na 20.5 kwa 64.

Mwanga unaorudi kutoka kwa mteja kwenda kituoni nao hupotea kwenye spilita?

Ndiyo, kwa kiasi kilekile, na swali hili huwashangaza hata watu wazoefu. Inaonekana kana kwamba kwenda juu mwanga hauna pa kugawanyika: matawi 32 yanaingia kwenye shina moja, basi wote ungefika. Haiwi hivyo. Chukua tawi la mgawo wa mbili. Mwanga unaoingia kwa mkono mmoja peke yake, ukifika kwenye makutano, nusu yake ndiyo inayolingana na umbo la mwanga ambalo shina linaweza kulibeba. Nusu nyingine hailingani, kwa hiyo inamwagika kwenye ganda. Hayo yanatokea katika kila makutano hadi juu. Mianga ya wimbi moja kutoka faiba mbalimbali haiwezi kuingizwa yote kwenye kiini kimoja bila hasara, hata ukitengeneza kifaa kwa ustadi gani. Ikiwa ya mawimbi tofauti, inawezekana, na hiyo ni kazi ya vichujio.

Nitajuaje kama laini yangu itafika?

Andika bajeti ya mwanga, yaani jumla ya upotevu wote njiani. Tuseme mtandao wa GPON (aina ya mtandao wa spilita wa kufikisha intaneti majumbani) wa daraja B+, ambao viwango vya kimataifa vya ITU-T G.984 vinauruhusu upotevu usiozidi desibeli 28. Tupime upande wa kupanda, kwa nanomita 1310, kwa kuwa huko ndiko kioo kinakula zaidi. Kilomita 10 kwa 0.35 ni 3.5. Spilita ya 32 ni 17. Konekta nne kwa 0.3 ni 1.2. Viungo sita kwa 0.05 ni 0.3. Jumla ni 22, na umebaki na desibeli 6.

Usizitumie zote. Waya utakatika siku moja na utaongezewa viungo viwili, konekta zitazeeka, mtu atapinda faiba nyuma ya kabati. Desibeli 3 za akiba ni busara. Ukibadilisha spilita kuwa ya 64 kwenye laini hiyohiyo, jumla inakuwa 25.5 na akiba 2.5. Itawaka, na siku ya makabidhiano kila mtu atafurahi, lakini utakuwa umemwachia fundi wa baadaye laini isiyovumilia kosa hata moja. Ni uamuzi ambao mimi siukubali, hata pale ambapo makaratasi yanauruhusu.

Mwanga ukiwa mwingi kuna tatizo gani?

Kipokezi kinalemewa, makosa ya data yanaanza, na ukizidi sana kinaharibika. Kifaa cha mteja wa GPON, kwa mfano, kinatakiwa kupokea kati ya −27 na −8 dBm. Moduli zilizotengenezwa kwa ajili ya kilomita 80 zikiunganishwa kwa pachikodi fupi mezani, ni kosa la kawaida na la gharama. Hapo ndipo kipunguza mwanga cha desibeli 5, 10 au 15 kinapohitajika, na mahali pake pazuri ni upande wa kipokezi. Kuviringisha faiba kwenye kalamu ili ipoteze mwanga si njia: upotevu wake hautabiriki, hutofautiana kwa kila wimbi, na kioo kinakaa chini ya mkazo kikingoja kuvunjika.

Aisoleta inawezaje kuruhusu mwanga upande mmoja tu?

Hiki ndicho kifaa ninachokistaajabia kuliko vyote. Karibu kila kitu katika njia ya mwanga kinafanya kazi sawa mbele na nyuma. Aisoleta inavunja utaratibu huo kwa msaada wa sumaku.

Mwaka 1845 Michael Faraday aligundua kwamba mwanga ukipita ndani ya kioo kilicho katika uga wa sumaku, mwelekeo wa mtetemo wake huzunguka. Jambo la maana ni kwamba upande wa mzunguko huamuliwa na sumaku, bila kujali mwanga unatoka wapi. Sasa weka kichujio cha mtetemo wima, kisha kipande cha ganeti (aina ya fuwele) kilicho ndani ya sumaku, kinachozungusha nyuzi 45, kisha kichujio kilichoinama nyuzi 45. Mwanga unaokwenda mbele unapita vyote. Unaorudi unapita kichujio cha pili, unazungushwa nyuzi 45 nyingine kwa upande uleule, na kufika kwenye kichujio cha kwanza ukiwa umelala nyuzi 90. Mlango umefungwa. Kwa kuwa ndani ya faiba ndefu mtetemo haukai mahali pamoja, aisoleta za njiani hutumia fuwele zinazoutenga mwanga katika sehemu mbili na kuzikutanisha tena, huku ule unaorudi ukisukumwa pembeni ukose kuingia kwenye kiini.

Inahitajika kwa sababu mwanga unaorudi ndani ya leza huivuruga: kelele huongezeka na wimbi lake huyumba. Kwenye kipaza mwanga, uakisi wa kwenda na kurudi unaweza kukigeuza kipaza chenyewe kuwa leza.

Na sakuleta?

Fizikia ni ileile, ila mwanga unaorudi hautupwi. Unaoingia tundu la 1 hutokea la 2, na unaoingia la 2 hutokea la 3. Hivyo faiba moja inaweza kubeba pande mbili za mazungumzo.

Mawimbi mengi yanatenganishwaje kwenye faiba moja?

Kwa vichujio. Katika CWDM, mfumo wa mawimbi yaliyoachana sana, mawimbi yanapishana kwa nanomita 20, kuanzia 1271 hadi 1611, na vichujio vya tabaka nyembamba za kioo vinatosha: kila kimoja kinapitisha wimbi lake na kuakisi mengine. Katika DWDM, mfumo wa mawimbi yaliyobanana, nafasi ni finyu mno. Masafa hupangwa kuanzia terahezi 193.1 kwa hatua za gigahezi 100 au 50, yaani nanomita 0.8 au 0.4 hivi. Kwa mawimbi mengi kama hayo hutumika kifaa cha AWG, kilichopendekezwa na Meint Smit mwaka 1988: mwanga unatawanywa kwenye vijia vingi vinavyozidiana urefu kwa kiasi kilekile, na vinapokutana tena kila wimbi linaangukia tundu lake.

Kuna pia kichujio kilichochorwa ndani ya faiba yenyewe. Kenneth Hill na wenzake nchini Kanada waligundua mwaka 1978 kwamba mwanga mkali unaweza kubadilisha kioo cha kiini kwa kudumu. Michirizi inayopishana kwa nusu mikromita hivi inaakisi wimbi moja tu karibu na nanomita 1550 na kuachia mengine yote. Wimbi hilo husogea kwa takriban nanomita 0.01 kwa kila digrii moja ya joto. Kwa mawasiliano hilo ni la kudhibitiwa, lakini limekifanya kichujio hicho kuwa kipimajoto kizuri.

Nitajuaje kama tatizo ni uchafu au faiba iliyopindwa?

Pima kwa mawimbi mawili. Mwanga wa nanomita 1550 huvuja kwenye pindo kwa urahisi zaidi kuliko wa 1310. Ukikuta 1310 iko sawa na 1550 imeshuka sana, tafuta pindo. Zote zikishuka, anza na konekta. Faiba ya kawaida ya G.652 huhesabiwa kwa pindo lenye nusu kipenyo cha milimita 30, ilhali G.657.A2, iliyobuniwa kwa ajili ya kona za majengo, huvumilia milimita 7.5.

Mashine ya OTDR ilionyesha kiungo kinaongeza mwanga. Inawezekana?

Haiwezekani. OTDR, mashine inayorusha mipigo ya mwanga ndani ya faiba, haipimi mwanga unaopita, inapima ule unaotawanyika kurudi nyuma, na faiba mbili za aina tofauti hutawanya kwa viwango tofauti. Pima kutoka pande zote mbili na uchukue wastani. Kwenye mtandao wenye spilita, pima kutoka kwa mteja kupanda juu, maana ukianzia kituoni matawi yote yanarundikana kwenye mchoro mmoja.

Nikikabidhiwa laini mpya nidai nini?

Dai michoro ya OTDR ya pande zote mbili, vipimo vya nguvu kwa 1310 na 1550, bajeti iliyopangwa ikiwa pembeni ya ile iliyopimwa, na picha ya hadubini ya kila uso wa konekta. Dai pia matundu ya spilita yaandikwe namba, na yaliyo matupu yafunikwe. Na usikubali kuonyeshwa kwamba laini inawaka kwa kuchungulia ncha ya faiba: mwanga huu hauonekani, na kutoona kitu hakuna maana kwamba hauingii kwenye jicho. Kuna mita ya kupimia, itumike hiyo.